Damu ya Job Godhana na Tui la Mama Pauline

Job Godhana alizaliwa Idsowe mwaka ambao mto ulifurika ukaingia hadi jikoni kwa mama yake, na baada ya kioja hicho hakuna jambo la ajabu lililompata mpaka alipofikisha umri wa miaka arobaini na tisa. Alisoma, akapasi kwa kadiri, akaenda chuo cha mafunzo ya tiba, akarudi na cheti cha ufundi wa maabara, kisha akaketi mbele ya darubini mjini Garsen na kukaa hapo miaka ishirini na mitatu akihesabu vijidudu vya malaria. Kila kioo cha damu alikihesabu mara mbili. Hesabu mbili zikipishana, alihesabu mara ya tatu. Na hata kama mwenye damu alikuwa amekwisha kupona na kurudi shambani kupanda mpunga, Job hakusita kumpigia simu kumwarifu kwamba vijidudu vyake vilikuwa arobaini na viwili, wala si arobaini na kimoja kama alivyoambiwa awali.

Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Mkewe Alice, binti wa Golbanti, alipoolewa naye alidhani kwamba bwana harusi amenuna. Baada ya mwaka mmoja hivi akatambua kuwa ule ndio uso wake wa furaha.

Kimya chake kilizidi mbele ya mama mkwe. Mama Pauline, mzazi wa Alice, alikuwa mjane mnene, mchangamfu, mwenye shamba la migomba kando ya mto na sauti ya kuvusha watu ng'ambo. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, Job hakuwahi kuzungumza naye lolote lililozidi salamu. Hawakuwa wamegombana hata mara moja. Ndivyo Job alivyolelewa: mkwe hakodolewi macho, wala mtu hali chakula mbele yake, na lenye kuhitaji kusemwa husemwa na mke, akipeleka na kurudisha maneno kama mtu anayevusha abiria kwa mtumbwi. Juu ya yote, chakula kilichopikwa na mkono wa mkwe hakirudishwi jikoni hata tonge moja. Job aliyashika mambo haya kwa uangalifu uleule aliotumia kwenye darubini.

Sasa, mwezi wa Juni, mashine ililetwa Garsen.

Ilikuwa na ukubwa wa cherehani iliyo ndani ya sanduku lake, na iliwekwa katika kituo kidogo cha utafiti wa dawa kilichopangishwa nyuma ya duka la mabati na misumari, pembeni mwa barabara ya kwenda Lamu. Kazi yake ilikuwa hii. Mtu anapomeza dawa, dawa huingia katika damu, na huko sehemu kubwa yake hung'ang'ania protini zinazoelea katika ule umajimaji wa manjano unaobaki damu ikishaganda, unaoitwa seramu. Dawa iliyong'ang'ania imetulia tu. Ile iliyobaki huru ndiyo inayopambana na ugonjwa. Watafiti walitaka kujua, kwa watu wa bonde la Tana, dawa mpya ya malaria hubaki huru kwa kiasi gani. Zamani seramu ilibidi ipelekwe Nairobi ndani ya barafu, na majibu yalirudi wakati watu wamekwisha kusahau swali. Mashine hii ilikuwa na kigae cha kioo kilichopakwa utando mwembamba wa dhahabu, chenye kuhisi dawa huru inapokigusa. Seramu iliyochanganywa na dawa ilipita juu ya kigae, mstari ukapanda kwenye skrini, ukajilaza, na baada ya dakika kumi jibu likawa tayari.

Job alifunzwa kuiendesha kwa wiki tatu. Usiku wa kwanza baada ya mafunzo alimweleza Alice habari zake kwa muda wa robo saa nzima, na Alice akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Lakini mashine ilikuwa ya kuazimwa, na ilikuja na sharti. Kabla haijaaminiwa, ilipaswa kupima seramu ya mtu mmoja mwenye afya, asubuhi mbili tofauti, naye awe hajala chochote tangu usiku uliotangulia. Majibu mawili yakipishana kwa zaidi ya moja kwa mia, basi mazingira ya Garsen hayaifai, na Jumamosi mashine ingepakiwa garini kupelekwa kituo kingine. Walikuwa na siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa.

Mtu mwenyewe alitakiwa awe mfanyakazi wa kituo asiyetumia dawa yoyote. Kituo kilikuwa na watu watatu. Daktari Hanan Omar, mzaliwa wa Kipini aliyetumwa kutoka Nairobi kusimamia kazi, alikuwa akimeza vidonge vya kipandauso. Caleb, muuguzi mtoa damu, alikuwa na vidonge vya presha. Akabaki Job, ambaye hata kikohozi alikuwa akikiacha kipite chenyewe.

Jumatatu mambo yalikwenda sawasawa. Job alifika bila kula, Caleb akamtoa damu, seramu ikatoka angavu kama chai ya rangi iliyopoa, na mashine ikatoa jibu: dawa huru, sita nukta moja kwa mia. Daktari Hanan akasema kwamba asubuhi moja zaidi ya namna hiyo yatosha. Job akatabasamu kiasi kwamba Caleb alimwuliza kama jino linamwuma.

Kosa moja tu lilitendeka siku ile, na alilitenda Caleb. Mchana alikwenda sokoni, akakutana na mwanamke wa Golbanti auzaye ndizi, na katika mazungumzo akamwambia kwamba Bwana Job sasa anatolewa damu kila siku.

Habari hiyo ilivuka mto kabla ya saa tisa. Saa kumi na moja jioni, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya Job, na Mama Pauline akateremka na kikapu cha nazi, kambare wanne waliokaushwa kwa moshi, mkungu wa ndizi za kupika, na mbuzi yake mwenyewe ya kukunia nazi, kwa sababu hakuwa na imani na mbuzi za watu. Alimwambia Alice kwamba amekuja kukaa mpaka wale watu waache kumnywa mkwe wake.

Alfajiri ya Jumanne Job alipoamka, nyumba nzima ilinukia. Sahani ililetwa na Alice, imefunikwa kwa sahani nyingine: ndizi zilizopikwa kwa tui zito, na kambare juu yake ameloa mpaka mkiani. Mama Pauline mwenyewe alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa udongo, ametulia kimya, akisikiliza.

Job aliiangalia sahani. Akakichukua kijiko, akakirudisha.

"Baba Tuneya," Alice akanong'ona, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao aliyekuwa shule ya bweni, "mama anauliza mbona kijiko hakilii."

"Mwambie naomba dua kabla ya kula."

"Umeanza lini?"

Job alijaribu kugonga kijiko pembeni mwa sahani, taratibu, kama mtu anayekula. Aligonga kwa dakika tano. Jikoni, Mama Pauline alihesabu milio, akaamua kwamba mwanamume anayekula kwa kasi ile ana njaa ya kutisha, akatuma sahani ya pili. Sasa zilikuwa mbili. Alice alimsaidia kidogo na kile kipande cha kichwa, lakini Alice hakuwa mlaji, na tonge moja halirudi jikoni. Job alikula sahani moja na nusu.

Kituoni, damu yake ilipokwisha kuzungushwa kwa kasi ili seramu ijitenge, seramu haikuwa angavu tena. Ilikuwa nyeupenyeupe.

Caleb aliinua kichupa dirishani akakitazama kwa muda mrefu. "Mzee," alisema, "ungeniambia tu, nisingekuchoma sindano. Ningekukuna na kukukamua."

Mashine ikatoa jibu: kumi na nne kwa mia.

Kulikuwa na fomu ya kujaza kwa kila asubuhi iliyoharibika, na humo sehemu ya kueleza kwa nini mhusika amekula. Job, ambaye hakuwahi kuandika uongo kwenye fomu, alifikiri, akaandika neno moja: "Mgeni."

Daktari Hanan alilisoma, akamkumbusha kwa upole kwamba bado ana siku tatu. Hakumwuliza zaidi. Na Job hakueleza zaidi, maana angeanzaje? Mtu mwenye nywele za mvi, mwenye funguo za jokofu la seramu, amshtakie daktari aliye mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano kwamba ameshindwa na sahani ya ndizi?

Jumatano aliamua kutoroka. Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri alibeba viatu mkononi, akanyata hadi mlangoni, akafungua. Mama Pauline alikuwa ameketi juu ya mbuzi yake katikati ya kizingiti, kanga mabegani, anakuna nazi kwenye mwanga wa taa ya sola. Hakumtazama. Alimsalimu. Job akaitikia, akauliza hali, akajibiwa kwamba ni njema, akarudi ndani na viatu vyake.

Alice akapewa kazi ya kumweleza mama yake kwamba mumewe tumbo si zuri leo. Mama Pauline akaipokea habari hiyo kwa uzito, na kwa kuwa kwake yeye tumbo bovu lina dawa moja, akachinja jogoo. Supu ililetwa ndani ya bakuli la kunawia mikono. Juu yake mafuta yalielea kama sarafu za dhahabu. Job aliambiwa aimalize ingali moto, na akaimaliza.

Kumi na sita kwa mia. Kwenye fomu aliandika: "Mgeni bado yupo."

Siku hiyo hakupata utulivu. Aliifuta mashine vumbi, akapanga vichupa, akavipangua. Alijiona tayari amerudi kwenye darubini yake, kioo baada ya kioo, mpaka siku ya kustaafu, huku mashine ikiimba mji mwingine mikononi mwa mtu asiye na mkwe. Jioni akamwita Alice pembeni akamwambia amweleze mama ukweli, lakini kwa heshima: kwamba kesho mumewe amefunga.

Alice akaenda, akasema neno kwa neno. Akarudi akasema mama amefurahi sana.

Job angepaswa kutilia shaka furaha ile. Mama Pauline alikuwa mwanachama wa umoja wa akina mama wa kanisa tangu ujana wake, na katika akili yake mtu akifunga, basi ana jambo zito mbele ya Mungu. Mwanamume wa kimya kama Job, kufunga ghafla namna ile, lazima awe na jambo zito mno. Hakuuliza ni jambo gani, kwa kuwa mkwe haulizwi. Aliazima simu ya Alice tu.

Alhamisi saa kumi na moja na nusu alfajiri, akina mama saba wa Garsen waliingia uani kwa wimbo. Walimweka Job kwenye kiti katikati. Wakamwombea kwa zamu, kila mmoja akitaja tatizo alilolidhania: mmoja aliombea madeni, mwingine akaombea ulevi wa siri, na mzee wao, Dorothy, mwenye uzoefu, akaombea yote kwa pamoja ili lisiachwe lolote. Job alikaa ameinamisha kichwa. Kwa kweli aliomba kwa bidii kuliko wote. Aliomba wachelewe kumaliza, muda wa kula upite.

Walimaliza saa kumi na mbili na robo. Hapo Mama Pauline akatokea na sufuria, na akina mama wakaelezwa kwamba mfungaji sasa anafunguliwa rasmi: uji wa mchele uliopikwa kwa tui la kwanza, viazi vitamu, na kambare wa mwisho. Watu saba walisimama kumzunguka wakimwangalia kwa upendo. Mama Pauline alikuwa amejitenga nyuma ya mlango, kama ilivyo adabu. Job akala.

Kumi na saba kwa mia. "Maombi," akaandika.

Daktari Hanan alizipanga fomu tatu mezani, moja kando ya nyingine, akazisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mgeni. Mgeni bado yupo. Maombi. Akavua miwani.

"Bwana Godhana," alisema, "naomba nikamwone huyu mgeni."

Walikwenda mchana uleule. Daktari Hanan alikuwa mtu wa pwani, na alijua kwamba huwezi kuingia nyumbani kwa mtu na kuanza na lililokuleta. Alivua viatu, akasalimu, akaulizwa habari za Kipini, za wazazi wake, za bei ya samaki, na kabla hajafika kwenye protini, sahani ilikuwa mbele yake. Alitazama sahani. Akatazama mlango wa chumbani, ambako Job alikuwa amesimama nyuma ya pazia kwa sababu ya adabu. Kisha akala, na alipomaliza akaongezewa. Ilipofika sahani ya tatu, Daktari Hanan alikuwa ameuelewa mkasa wote bila kuelezwa.

Ndipo alipoanza kueleza yeye. Alisikia kutoka kwa Alice kwamba Mama Pauline ndiye mwongozaji wa viti kanisani kwao Golbanti, anayejua nani akae wapi siku za harusi na za mavuno. Basi akasema kwamba ndani ya damu mna mabenchi.

"Mabenchi," alisema Mama Pauline.

"Ndiyo, mama. Protini. Dawa ikiingia, nyingi inakwenda kuketi kwenye mabenchi. Ile inayokosa kuketi ndiyo inayofanya kazi."

Mama Pauline alilifikiria hilo. "Kama siku ya harusi," alisema. "Walioketi hawapiki."

"Hasa. Sisi twataka kujua wangapi wako jikoni. Siku ya Jumatatu, katika damu ya mkweo, sita kwa kila mia walikuwa jikoni. Kisha yakaingia mafuta. Mafuta nayo hupenda mabenchi yale yale. Yakaketi, dawa ikainuliwa."

"Ikaenda wapi?"

"Jikoni, mama. Leo walikuwa kumi na saba."

"Jiko moja?" Mama Pauline akatikisa kichwa. "Hapo chakula kitaungua." Akakoroga sufuria aliyoiweka mbele yake. "Na hayo mafuta ni yangu?"

"Ya nazi zako na jogoo wako."

"Yaliwainua wote hao?"

"Yaliwainua."

Mama Pauline hakuficha kuridhika kwake. Akataka kujua kama mafuta ya dukani yangeweza kufanya vile, na Daktari Hanan, aliyekuwa na shibe kubwa na hakutaka ugomvi, akakiri kwamba hana hakika. Lakini lilipofika suala lenyewe, yule mama akajifunga kama mlango. Alisema ameelewa mabenchi, ameelewa na jiko, wala hana chuki na mashine. Ila kumtoa mtu damu ilhali tumbo lake ni tupu, hilo hakubaliani nalo, na maadamu yuko katika nyumba hii halitafanyika. Damu iliyotoka lazima irudi, na hairudi kwa hewa. Daktari akazunguka huku, akazunguka kule, akataja kwamba damu inayotolewa ni vijiko vichache tu, akataja saa kumi na mbili za kufunga. Mama Pauline alimsikiliza kwa adabu yote, na kila alipomaliza akamwambia ale kidogo.

Hatimaye Daktari Hanan akaishiwa maneno. Akageuka akatazama pazia.

Nyuma ya pazia, Job Godhana alikuwa akitoka jasho. Ijumaa ilikuwa kesho. Alimtazama Alice, aliyekuwa ameingia chumbani humo, ili apeleke neno kama siku zote, na Alice, ambaye kwa siku tatu alikuwa amevusha maneno huku na huku na kila mara yakafika ng'ambo yamekuwa kitu kingine, akatikisa kichwa na kukaa kitako juu ya kitanda.

Job akalisogeza pazia. Akatoka. Akasimama katikati ya chumba, mbele ya mama mkwe wake, macho yake kwenye vidole vya miguu.

"Mama," alisema.

Mama Pauline aliacha kukoroga.

"Nimehesabu vijidudu miaka ishirini na mitatu, mama. Sijawahi kutaka kitu kazini. Hii mashine naitaka. Nakuomba, kesho asubuhi nisile."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia tangu amwoe mwanawe, na yalipokwisha alibaki amesimama kama mtu aliyevunja chungu cha watu. Mama Pauline alimtazama. Alimtazama usoni hasa, kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sasa hapakuwa tena na adabu ya kulindwa.

"Kumbe una sauti nzuri," alisema.

Job akazidi kuinamisha kichwa.

"Mbona hukuniambia tangu Jumanne?"

"Niliona haya, mama."

"Na mimi niliona haya kukuuliza kama umeshiba. Ndiyo nikawa naongeza." Akaweka mwiko chini. "Unadhani mimi napenda kuamka saa tisa na nusu, baba? Mgongo wangu huu?"

Akawageukia wengine akatoa hukumu. Kama ni kutokula, basi mkwe wake hatakula, na atakayemlisha atamjibu yeye. Mtu aliyekuwa akilinda sahani zijae sasa alilinda zisiwepo. Kabla jua halijazama alikuwa ameondoa jikoni chumvi na vitunguu, akamnyang'anya Job pakiti ya biskuti aliyokuwa ameisahau mwenyewe katika mfuko wa koti, na akaweka kitanda chake cha kamba mlangoni pa jikoni. Mtungi wa maji akauweka kando yake, mkono juu ya kifuniko. Job alipoomba kikombe kimoja, aliambiwa kwa upole kwamba hawatarudia makosa.

Ijumaa saa moja asubuhi walifika kituoni wawili, Job mbele, Mama Pauline hatua moja nyuma yake akiangalia mikono ya Job isije ikaokota kitu njiani. Caleb alifunga mpira kwenye mkono wa Job, akapapasa, akapapasa tena.

"Mzee, mishipa imekwenda wapi?"

Daktari Hanan akaja, akamwangalia Job midomo iliyokauka. Akauliza kama amekunywa maji.

"Hajanywa hata tone," alisema Mama Pauline kwa fahari. "Nimemlinda mimi mwenyewe."

Ilibidi aelezwe kwamba maji yanaruhusiwa, tena yanatakiwa, kwani bila maji ukumbi wenyewe, yaani damu, unanywea na mabenchi yanabanana, na hesabu inaharibika upande wa pili. Mama Pauline akaomba radhi kwa mashine. Kikombe kilipoletwa akakinyanyua kwenye mwanga kwanza, akayakagua maji kama yana mafuta, akayaonja, ndipo akampa. Job alikunywa vikombe vinne. Wakangoja saa nzima wakiwa wameketi kwenye ubao mmoja, Mama Pauline akimwangalia Caleb kwa jicho la mtu ambaye habari zote mbaya zilianzia kwake.

Kisha damu ikatoka. Ikazungushwa. Seramu ilipanda juu ya kichupa, angavu, ya manjano, unaweza kusoma gazeti ng'ambo yake. Job akaichanganya na dawa kwa mikono yake mwenyewe, akaiingiza, akabonyeza. Wote wanne wakasimama mbele ya skrini. Mstari ukaanza kupanda.

"Ndio wanaokwenda jikoni hao?" Mama Pauline aliuliza kwa kunong'ona.

"Ndio, mama," alisema Job.

Mstari ukapanda kidogo, ukalegea, ukajilaza. Dakika kumi zilipita. Job alisoma nambari, na kwa kuwa alikuwa Job, akaisoma mara mbili. Sita nukta nne kwa mia. Tofauti na Jumatatu ilikuwa nukta tatu tu.

Daktari Hanan akatia sahihi karatasi ya kuithibitisha mashine, akampigia simu mwenye gari la Jumamosi kumwambia asije. Caleb alimpa Job mkono kwa mikono yote miwili. Job akaenda kuipangusa mashine vumbi ambalo halikuwepo, na alibaki amewapa watu mgongo kwa muda kidogo zaidi ya uliohitajika na vumbi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, na hapo ndipo Job alipogundua alichokifanya siku ya Alhamisi. Maneno yalikuwa yamefunguliwa, na upande wa Mama Pauline yalikuwa yamekusanyika kwa miaka ishirini na miwili. Kuanzia geti la kituo hadi kwenye duka la mabati alimweleza habari za goti lake la kushoto. Kuanzia duka la mabati hadi msikitini alimwuliza shauri kuhusu mpaka wa shamba na jirani yake. Alitaka kujua maoni yake juu ya paa, juu ya mchungaji mpya, na kama ni kweli kwamba siku ya harusi Job alikuwa amekasirika au ndivyo alivyo. Alisema hana haraka ya kurudi Golbanti, maana sasa wana mengi ya kuzungumza. Job aliitikia kila mahali palipohitaji kuitikiwa. Tumbo lake lilikuwa likinguruma kwa sauti iliyosikika na wapita njia.

Alice alikuwa amewapikia. Alikuwa amepika wali, mchicha na mchuzi wa kuku, na amekwisha kupakua, mvuke unapanda mezani. Job alinawa mikono, akaketi, akainua kijiko. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa tayari kula mbele ya mkwe wake.

"Ngoja kwanza, baba," alisema Mama Pauline, na akaifunika sahani kwa mkono wake. "Daktari hakutuambia tufungue saa ngapi."

Job alimwambia kwamba kazi imekwisha, na kwamba sasa mtu anaruhusiwa kula chochote. Mama Pauline alimsikiliza kwa makini. Akakubali kwamba huenda ni kweli. Lakini jana pia walidhani wanajua habari za maji, na kumbe hawakujua. Akajifunga kanga vizuri, akachukua sahani yenyewe, imefunikwa, ili daktari aione kwa macho yake kabla hajatoa ruhusa, akatoka barabarani kuelekea kituoni, akiendelea kusimulia habari za paa.

Job akakitazama kijiko. Akakitia mfukoni, akamfuata.